Sauti ya Keval Chini ya Nyimbo

Katika nyumba ya Kanchan, Westlands, hapakuwa tena na mtu wa kupiga mluzi bafuni wala wa kubishana na redio. Keval, mumewe, alikuwa amefariki kabla ya mvua za masika. Sura yake ilikuwepo, ukutani, imevishwa shada la maua. Sauti ndiyo iliyokuwa ikimponyoka. Asubuhi moja Kanchan alijaribu kukumbuka jinsi mumewe alivyokuwa akimwita, akapata maneno matupu.

Ndipo alipozifikiria kanda za video. Keval aliuza vitambaa Biashara Street maisha yake yote, lakini kilichomtoa kazini mapema kilikuwa kamera. Alirekodi sikukuu ya Diwali, alirekodi jino la kwanza la binti yao Charmi likining'inia. Mwenyewe haonekani popote, kwa kuwa siku zote alikuwa nyuma ya kamera, akisema na waliokuwa mbele yake. Kwa hiyo sauti yake lazima iwe humo.

Tatizo lilikuwa televisheni. Ile aliyonunuliwa na Charmi ilikuwa nyembamba kama sinia, na deki ya zamani ya kuchezea kanda ilikuwa na nyaya zake tatu, nyekundu, nyeupe na njano. Kanchan akamwita Kivuva, fundi wa televisheni aliyekuwa na kibanda mtaa wa Luthuli, mjini.

"Mama Charmi, hii ni ya kisasa. Haina mashimo ya hizi waya. Iko tundu ya HDMI peke yake."

"Basi toboa."

"Nikitoboa utanunua ingine."

"Toboa polepole."

Kivuva alicheka, akarudi mjini, akaleta kisanduku kidogo cha kuunganisha zile nyaya na HDMI. Akakichomeka. Kioo kikabaki cheusi. Akakichomoa, akasoma maandishi yake mgongoni, akaguna.

"Hii inatoa kwa HDMI inapeleka kwa waya za zamani. Sisi tunataka ya kuja huku."

"Umeniletea ya kurudi?"

"Nimekuletea ya kurudi, mama. Pole."

"Na mimi ndiyo mzee hapa."

Kesho yake alileta kinachofaa, na picha ikatokea: fataki, watoto wenye sweta, marehemu mama mkwe akikataa kutazama kamera. Juu yao wote, wimbo wa filamu.

"Sauti iko," Kivuva akasema, ameridhika.

"Hiyo ni wimbo. Toa wimbo, acha watu."

"Haitoki, mama. Imerekodiwa juu yao. Ya chini ilifutwa."

Kanchan alimjua aliyefuta. Miaka ile, katika familia walizotembeleana nazo, hakuna aliyewaonyesha wageni kanda isiyowekwa nyimbo. Kelele za watu zilionekana ushamba. Keval alipenda kelele hizo. Kanchan ndiye aliyeketi kando ya deki akichagua nyimbo, huu wa keki, huu wa shangazi wakicheza. "Nani anataka kukusikia wewe ukisema tazama huku, tazama huku?" alikuwa akimwambia. Keval alikuwa akicheka, kisha akibonyeza kitufe cha kuuweka wimbo.

Walijaribu kanda baada ya kanda. Nyimbo. Kivuva alitoa moja, akaingiza nyingine, akapangusa vumbi kwa mkono wa shati.

Katika kanda ya siku ya kuzaliwa ya Charmi, iliyorekodiwa katika sebule hii hii, wimbo ulikwisha kabla ya picha. Keval hakuwa ameongeza mwingine. Ghafla vikasikika vijiko, mbwa wa jirani, na pumzi ya mtu aliye karibu sana.

"Kanchan," sauti ikasema kwa Kigujarati, nzito kuliko Kanchan alivyodhani. "Geuka basi. Umependeza leo."

Kwenye picha, mwanamke kijana aliyebeba sahani hakugeuka.

"Zima hiyo, Keval. Nina kazi."

Kioo kikawa buluu.

Kivuva hakujua Kigujarati. Alimtazama Kanchan, akanyoosha kidole kwenye kitufe. "Nirudishe nyuma?"

"Ngoja kidogo," Kanchan akasema. Mikono yake ilikuwa mapajani. "Nilimwambia azime, akazima. Angeweza kubishana. Hata na redio alikuwa anabishana."

Kisha akamwambia arudishe.

Charmi amemwomba zaidi ya mara moja ahamie kwake Lavington, kwenye nafasi na bustani. Kanchan bado anaishi Westlands, katika nyumba ileile ambamo Keval alimwomba ageuke.