Mama Mkwe Ndani ya Tramu

Mama mkwe alifika kwetu Kiseke kumchukua binti yake arudi naye Magu, na hakuficha. Kwao mkwe na mama mkwe hawakai chini ya paa moja wala hawasemeshani, kwa hiyo nilikaa nje, chini ya dirisha, nikimsikia akimwambia mke wangu, "Mwanaume mzima ameacha kazi ya gereji anacheza na vyuma! Ukimngoja huyo utazeeka." Loo, nilikasirika!

Vyuma vyenyewe vilikuwa tramu, gari la abiria la relini. Tajiri wetu, Mhindi mzaliwa wa Mwanza anayewatania watu kwa Kisukuma, alinunua kiwanda chakavu cha pamba kando ya ziwa, kikiwa na reli yake, akataka chombo cha kuwapeleka wageni kutoka getini mpaka ufukweni. Reli inateremka, na njiani kuna kona kali inayozunguka mawe makubwa; behewa refu la kiwandani halipiti. Nikalikata katikati, nikaunga vipande kwa kiungo kinachopinda kama kiwiko, nikakizungushia turubai. Tulipolijaribu likiwa tupu, kipande cha nyuma kiliruka reli. Tukapakia viroba vya mchanga, likapita.

"Mchanga hauogopi," tajiri akasema. "Nataka kuona watu humo, la sivyo tufunge kazi."

Mke wangu akawaita dada zake. Mama yao naye akaja, eti akione kwa macho yake hicho kinachomtesa mwanawe. Nilimwinamia kwa mbali, macho chini. Dada wakaanza kupanda, na hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza. Nilikuwa nimejisifu kwa kila mtu kwamba hili ni gari moja, unatembea ndani kutoka mbele hadi nyuma bila kukutana na mlango.

Mama mkwe akasimama. "Muulize mumeo," akamwambia mke wangu, "tutakaa naye chumba kimoja?"

Dada wote wakashuka. Hakuna ambaye angepanda mama yao akibaki chini. Tajiri akatazama saa. Nilitamani kupiga kelele, jamani, mila hizi zitaniua! Mke wangu akafungua kitenge alichojifunga juu ya gauni, akakitundika kwenye kiungo, kikawa ukuta. Mama yake akakivuta kuona kama kimekaza, kisha akapanda nyuma na mabinti zake wote. Mimi nikakaa mbele kwenye usukani wa breki.

Tulienda taratibu. Tulipoingia kwenye kona, gari likajikunja, na kwa dirisha langu nikaliona dirisha la nyuma limenigeukia. Mama mkwe alikuwa amechungulia nje, anayatazama magurudumu. Tukakutana macho. Nikageuza uso haraka, aibu imenijaa, huku kiungo kikilia. Magurudumu yakashika reli. Dada wakapiga vigelegele, na kwa furaha mkono wangu ukalegea kwenye breki, mwendo ukaongezeka.

"Baba!"

Sauti ilitoka nyuma ya kitenge. Tangu nioe, mama yule hakuwahi kunisemesha.

"Polepole basi, baba. Umembeba mkeo."

"Ndiyo, mama," nikajibu, nikakaza breki, machozi yakinitiririka bila haya.