Nyasi za Shangazi

Nilipotangaza dukani kwamba nitamfanya shangazi yangu aache kukata nyasi kwenye mteremko ulio juu ya nyumba yake, mwenye duka alicheka mpaka akaweka chini kikombe chake cha kahawa.

"Huyo mama hamsikilizi hata padri. Atakusikiliza wewe?"

"Si ana stashahada ya mawe?" fundi baiskeli akadakia. "Akaongee na mawe."

Stashahada yangu ni ya jiolojia, na nitaitaja tena kabla hatujaachana. Niliisomea kwa jasho langu, nikisukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi kutoka Chonyonyo hadi Ihanda. Baadaye nikafanya kazi migodini, nikarudi nyumbani na pikipiki, mabati ya nyumba nzima na mkanda wa ngozi halisi. Kuna wanaosema nilirudi kwa sababu mgodi ulifungwa. Mgodi haukufungwa. Ulipunguza watu.

Sasa, kwetu migomba isiyotandaziwa nyasi ni aibu, kama kwenda kanisani bila shati. Nyasi zikioza zinarutubisha udongo, na udongo haukauki. Kwa hiyo shangazi, ambaye kibanja chake cha migomba kinasifiwa hadi Kibingo, alikuwa akipanda mteremko ule na kukata kila jani, mpaka ardhi ikabaki nyekundu kama kidonda. Nilipopanda kuangalia nikakuta ufa mrefu, mkono wangu ukazama hadi kwenye kiwiko. Masika yalikuwa yanakaribia, na chini ya ufa ule ndipo alipokuwa analala.

Nilimfuata jikoni. "Shikamoo shangazi. Ule mteremko utaporomoka."

"Marahaba. Ulikuambia?"

"Kuna ufa, shangazi."

"Ufa huo nimeuona kabla hujaota meno. Kaa ule."

Nikala. Ndizi zilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililokuwa tatizo.

Nikaamua kupitia kwa watoto. Kila Jumamosi huwa nawafundisha barazani kwangu, bila malipo, kwa sababu elimu kubwa ikikaa kifuani peke yake inachacha. Niliwaambia kwamba dunia kwa kawaida hubadilika polepole, kama bibi anavyozidi kuinama, lakini siku nyingine hubadilika ghafla, unaenda shule kilima kipo na unarudi hakipo. Nikapanga matofali juu ya benchi, wakalitikisa, yakaanguka yote; hilo ni tetemeko. Nikachemsha uji mzito, ukatutumka na kunirukia mkononi. Hiyo ni volkano.

"Mwalimu," msichana mmoja akauliza, "kwa hiyo chini ya mlima wa volkano kuna uji?"

"Kuna mawe yaliyoyeyuka kwa moto."

"Nani anakoroga?"

Nikawaambia twende kwenye somo la maporomoko ya ardhi.

Hapo nilitaka wazazi wao nao waone. Jumamosi hiyo nilijenga vilima viwili vya udongo mbele ya nyumba, kila kimoja kinanifika kiunoni. Kimoja nilikiacha kitupu. Kingine nilikivika nyasi mbichi zenye mizizi yake, nikazishindilia vizuri. Mpango ulikuwa rahisi: Jumapili baada ya ibada ningemwagia vyote maji, kitupu kiporomoke, chenye nyasi kisimame, shangazi aone aibu. Vifaa niliazima. Mwenye duka alitoa karai, katekista akatoa mabenchi, fundi baiskeli akatoa ndoo ya kumwagilia, huku akisema anaitoa ili apate kucheka akiwa karibu.

Jumapili nilitoka kanisani nimevaa tai ya mahafali, watu wakinifuata. Tulipofika uani nikasimama. Vilima vyote viwili vilikuwa vitupu.

Shangazi alikuwa amekaa benchi la mbele, mikono mapajani. Yeye alisali ibada ya kwanza.

Ningefanya nini? Watu wamekaa, mwenye duka yuko na kanzu yake nyeupe, watoto wameshika ndoo. Nikasema kwa sauti ya mtu aliyesoma, "Mwageni!"

Kwa muda maji yalipotelea kwenye udongo, nikaanza kutumaini. Kisha kilima cha kwanza kikapasuka juu kabisa, ufa mrefu, na ubavu wake wote ukateremka kwa pamoja. Cha pili kikafuata. Tope likapita chini ya mabenchi, likamfikia mwenye duka kwenye viatu na kupanda upindo wa kanzu. Fundi baiskeli alicheka mpaka akakaa chini, ndani ya tope hilohilo.

Yule msichana wa uji akanyoosha mkono. "Mwalimu, hiki jana kilikuwa na nyasi."

"Kilikuwa nazo," nikasema.

"Zimeenda wapi?"

Nikageuka kuzitafuta. Kibanja cha shangazi kinaonekana vizuri kutoka uani kwangu, na shina moja la mgomba, lile la karibu na ua, lilikuwa limetandaziwa nyasi mbichi za kijani.

"Ziko kwa bibi," msichana akasema.

"Zilikuwa zinaungua jua bure!" shangazi akafoka. "Nyasi nzuri namna ile, zimevishwa udongo kama maiti! Nimezikung'uta, nimezipeleka kwenye kazi."

Watu walicheka sana. Yeye hakucheka. Aliangalia ufa uliobaki juu ya kilima changu, akageuza shingo taratibu akaangalia mteremko ulio juu ya bati lake, mwekundu, mtupu. Akaangalia tena tope miguuni kwake.

"Nikiacha kukata kule," akasema, "migomba yangu itavaa nini?"

"Nitakuletea nyasi za bondeni, shangazi. Nyasi zako za mteremkoni niazime mimi."

"Wewe? Kwa kichwa hicho chenye stashahada?"

"Kwa hiki hiki."

Wiki hiyo mimi na watoto tulifukia ufa, tukachimba mfereji wa kupitisha maji pembeni, tukapanda mabingobingo, yale majani marefu yenye mizizi ya kushika udongo, mteremko mzima. Masika yakaja. Upande wa pili wa bonde kipande cha barabara kilikwenda na maji. Juu ya nyumba ya shangazi lilishuka jiwe moja, likasimama kwenye mabingobingo. Wanaosema ilikuwa bahati, na waje waniulize jiolojia.

Maharage yalipokomaa nikarudisha vyote nilivyoazima. Kwetu chombo cha watu hakirudi kitupu, basi karai la mwenye duka lilirudi limejaa maharage, ndoo ya fundi vilevile, na juu ya mabenchi ya katekista niliweka mkungu. Mwisho nikafunga tai, nikajitwika mzigo wa nyasi za bondeni, nikapita dukani makusudi.

"Shikamooni wenye vikombe," nikasema, na sikusimama.

Shangazi alizunguka mzigo, akauminya. "Nyasi za bondeni zina maji mengi," akasema. "Weka pale. Na utandaze mwenyewe."

Nikatandaza, na tai shingoni. Tangu siku hiyo sidaiwi na mtu.