Doa Jeupe Ubavuni mwa Skrini

Mume wangu ana kompyuta kumi na tisa na hakuna hata moja inayoweza kutuma ujumbe. Ni zile za zamani, zenye kisogo kirefu, ambazo ofisi zilishazitupa. Majirani wanamwita Daktari wa Maiti. Yeye hucheka tu, husema wagonjwa wake hawajawahi kulalamika. Anayelalamika ni mimi. Sebuleni kwangu mapazia hayafunguliwi, eti jua linaharibu plastiki. Miaka ishirini na miwili nimeishi kwenye mwanga wa rangi ya asali. Lakini nisiwe mwongo: kuna alasiri anawasha mojawapo, herufi za kijani zinajitokeza polepole kutoka kusikojulikana, nami nakaa nikizitazama mpaka chai inanipoea mkononi.

Basi siku moja akapigiwa simu na tarishi mstaafu wa ofisi aliyofanyia kazi marehemu mama mkwe. Stoo inasafishwa, akasema, na kompyuta ya mama yako ipo, iwahi kabla haijatupwa.

Hapa lazima nieleze. Mama mkwe alikuwa mpiga chapa. Alimwacha mume wangu kwa bibi yake akiwa na miaka saba, akaenda mjini kutafuta kazi, na tangu hapo akawa mtu wa kuonekana mara moja kwa mwaka. Mume wangu aliamini mama yake alimsahau, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Siku ya mazishi hakutoa hata chozi. "Alikuwa mgeni mwenye adabu," ndilo neno pekee alilosema. Ila kompyuta aliifuata siku ileile aliyopigiwa simu, akarudi nayo ameipakata kwenye teksi. Nikampisha mlangoni. Mdomo ninao, lakini si mjinga.

Aliifungua, akachomoa betri iliyovuja, akasugua ukoga kwa siki na mswaki wa zamani. Vitufe aliviosha kimoja kimoja kwenye beseni langu la kufulia bila kuniomba. Kitufe cha A hakikuwa na herufi tena, vidole vya mama yake vilishaimaliza. Ganda lote lilikuwa la manjano kama meno ya mvuta sigara, isipokuwa ubavuni mwa skrini. Hapo palikuwa na doa jeupe la ukubwa wa kiberiti, pembe zake zimenyooka.

"Hapa palikuwa na nini?" nikamuuliza.

"Karatasi tu. Ratiba, sijui. Linanikera, litatoka."

Laiti ningemshika mkono. Badala yake mimi mwenyewe nikaenda saluni kumletea ile dawa ya kupausha nywele. Akaipaka kwa brashi, akafunga ganda kwa nailoni, akalitoa uani juani. Ni kwa kazi hiyo tu alikuwa na urafiki na jua. Siku tatu alikaa pale kwenye kigoda, analigeuza kila nusu saa, anaimbaimba wimbo usio na maneno. Siku ya tatu likawa jeupe lote, utadhani limetoka kwenye boksi asubuhi hiyo. Sijawahi kumwona ametulia vile.

Jumamosi tarishi akaja kuiona. Ni mzee mwembamba, mpole. Aliizunguka kompyuta mara mbili, akapitisha kidole ubavuni.

"Hongera, mwanangu, imekuwa mpya. Ila mahali pa picha pamekwenda wapi?"

"Picha gani, mzee?"

"Si yako? Ile ya pasipoti, huna meno ya mbele. Kwanza ilikuwa kwenye taipureta yake, mashine hii ilipokuja akaihamishia hapa. Barua anayochapa ikimkataa anaitazama hiyo picha, halafu anaanza upya. Sisi tulikuwa tunakuita Bosi. Siku anastaafu alijaribu kuibandua, ikachanika vipandevipande. Alilia, mwanangu. Ndiyo maana nikakupigia. Nilijua ukiona lile doa utauliza."

Mume wangu akakaa chini. "Nimelifuta," akasema. "Kwa mikono yangu."

Nilikasirika, jamani. Nilimkasirikia mama mkwe, mapenzi yote anaionyesha mashine na mwenyewe mtoto hana habari. Nikaikasirikia ile dawa, nikajikasirikia mimi niliyeinunua. Kisha nikalia mimi, maana mwenzangu kulia hakukujua.

Kesho yake asubuhi alitoa bahasha yake ya vyeti vya shule. Picha za pasipoti hupigwa nne, na moja alikuwa nayo bado: kitoto cha miaka saba, kinacheka bila meno. Akaibandika ubavuni mwa skrini, palepale, akiipima kwa rula. Halafu akaibeba kompyuta hadi dirishani, akashika mapazia niliyomwomba miaka ishirini na miwili, akayafungua. Mwanga ukaingia wote kwa pamoja. Vumbi likawa linaelea juu ya zile kompyuta nyingine, taratibu, halina pa kwenda.

"Plastiki iliyopaushwa hurudi manjano," akasema. "Jua likiipiga kila siku. Chini ya picha haitabadilika."

"Itachukua muda gani?"

"Miaka kumi. Pengine kumi na mitano."

Sauti yake ilikuwa imelowa. Nikamgeukia, nikaona analia, miaka tisa baada ya mazishi. Akavuta kiti, akaketi juani kando ya kompyuta ile, akaanza kusubiri.