Choo Kisichojaa

Baba alichimba choo cha nyumbani kwetu hapa Mpemba kwa mikono yake, na mpaka anafariki alijivunia jambo moja: hakijai. Majirani walishachimba cha pili na cha tatu, chetu kipo vilevile. Ndugu kutoka Igamba wakija kututembelea, walionyeshwa choo kabla ya kuonyeshwa watoto. Tulivimba vichwa, na mimi nilikuwa wa kwanza, nisidanganye.

Chini yetu, hatua thelathini na kitu kwenye mteremko, anakaa bibi mmoja mjane. Alikuwa na kisima cha kina kifupi, na kisima hicho ndicho kilichomlisha, maana aliwapikia chai madereva wa malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Mwaka jana wajukuu zake wawili walishikwa na homa ya matumbo. Mkubwa akapona, mdogo tukamzika. Mama yangu alirudi kutoka msibani akisema, "Yule bibi mchafu. Hata ndoo haoshi." Nami nikaitikia. Mtaa mzima ukaisusa chai yake.

Mimi ni kibarua wa kupima maji. Bwana afya wa kata akanituma nitafute uchafu unaingilia wapi, na kazi hiyo haitaki uganga. Unamwaga maji ya chumvi nyingi kwenye shimo unalolishuku, kisha kila siku unatumbukiza kipimo kisimani. Chumvi ikishayeyuka macho hayaioni, kipimo kinaiona. Maji ya chini ya ardhi hutembea taratibu, yakijipenyeza kwenye nyufa za mwamba, na kilichoyeyuka humo kinakwenda nayo. Palipopita chumvi, vijidudu navyo vinaweza kupita.

Niliapa kwamba ni vyoo vya yadi ya malori, iliyo juu zaidi kwenye mteremko. Nikaanza na huko. Kila asubuhi nilimkuta bibi ameshafunua kisima, ananisubiri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Leo umeona nini?"

Mwezi mzima sikuona kitu, namba ileile. Alinikaribisha uji nikawa nasema nimeshiba, kumbe naogopa maji yake. Aliliona hilo. "Nimechemsha mara mbili," akaniambia. Aibu ilinishika, lakini uji sikunywa.

Nikamwaga chumvi kwenye choo chetu ili nimalize orodha tu. Mama alisimama mlangoni anacheka. "Sasa unakiunga chumvi choo cha baba yako?" Tukacheka wote wawili.

Siku ya tisa namba ilipanda kidogo. Nikasuuza kipimo, nikarudia. Siku ya kumi ikapanda tena. Siku ya kumi na mbili ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya mwanzo. Loo! Nilikaa pale ukingoni. Baba alichimba mpaka akakuta unyevunyevu, akafurahi kwamba pamelainika, akaendelea. Choo hakikujaa kwa sababu miaka yote kilikuwa kinateremkia kwa bibi. Tulimwekea uchafu wetu kwenye maji ya kunywa, tukamwita yeye mchafu, tukaenda kula ubwabwa wa msiba wa mjukuu wake.

"Umeona nini, mwanangu?"

"Inatoka huko juu, bibi."

"Kwenye malori?"

Nikafuta kipimo, nikaaga.

Kwenye ripoti niliandika ukweli wote, choo cha nani na siku ngapi. Mama alininunia wiki mbili. Bwana afya alisoma, akapumua, akasema kufunga kisima ni rahisi kuliko kuwanyima choo watu tisa. Amri ya kukifukia choo chetu imo kwenye faili mpaka leo, haijatekelezwa. Kisima kilizibwa kwa zege siku ileile mafundi walipofika. Bibi alisimama pembeni akitazama, kisha akanishika mikono yote miwili. "Asante, mwanangu, umetuokoa." Ningemwambia pale pale. Sikumwambia. Niliogopa, basi.

Siku hizi anapanda kwetu na ndoo yake kuchota maji ya bomba. Chai hapiki tena, ndoo moja anayoibeba kichwani haiwatoshi madereva. Juzi akaniomba kujisaidia, nikamwonyesha choo. Alipotoka alinawa mikono kwa sabuni, akajipangusa kwenye kanga yake, akatingisha kichwa kwa kupendezwa.

"Marehemu baba yako alikuwa fundi," akasema. "Miaka yote hii, na bado hakijajaa."