Mama alipoziba tundu la hewa: tulivyofunga jiko la chuma kwenye fireplace ya zamani Kilolo

Wakuu, kamwene, kwa salamu ya kwetu Wahehe.

Wewe unayesoma huku umejifunika blanketi miguuni, sogea kidogo, hii inakuhusu. Nasimulia kilichotokea nyumbani kwa mama yangu mzazi, na nitataja hata pale nilipokosea mimi, ili mjue sijapamba.

Mimi nafundisha huku Iyunga, Mbeya. Mama yuko Kilolo, mkoani Iringa, peke yake, kwenye nyumba aliyoijenga marehemu baba. Ana miaka sabini na kitu, ng'ombe wawili, na bustani ya njegere anayoisifia kuliko anavyotusifia sisi watoto wake.

Wanaojua Kilolo wanaujua mwezi wa saba. Ukungu unaingia alfajiri, unakaa mpaka saa tano kama mgeni asiyeaga.

Baba alikuwa fundi mwashi. Sebuleni alijenga fireplace ya ukutani, kama alizoziona kwenye nyumba za mapadri alikokuwa akifanya kibarua. Ilipendeza kutazama, ila ilikula kuni bila huruma na joto lote lilipanda juu pamoja na moshi. Baba alipofariki, mama akaifunika kwa kipande cha bati, akahamia kwenye jiko la mkaa. Analiwashia nje, likikolea analiingiza chumbani, anafunga mlango.

Najua wengi wenu mnafanya hivyo. Tumelelewa hivyo.

Kipupwe cha mwaka jana, jirani yake alimkuta asubuhi yuko sakafuni karibu na mlango wa chumba, ametapika, hajui ni siku gani. Alipona. Zahanati wakatueleza kwamba mkaa uliokolea hautoi moshi, lakini unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Unalala, huamki.

Kaka yangu mkubwa anaishi Dar. Akasema imetosha, mama anahamia kwake.

Mama akamjibu, "Niende Dar nikachemke kama viazi? Na ng'ombe utakuja kuwakamua wewe?"

Walibishana kwenye simu wiki nzima. Mwisho kaka akatoa sharti: kipupwe kimoja. Mama akikimaliza salama, bila mkaa chumbani, hatamsumbua tena. Likitokea lolote, anakuja kumchukua kwa gari yake mwenyewe. Mama akakubali.

Hivyo kazi ikawa yangu. Nimtafutie mama joto lisiloua, la sivyo atang'olewa kwenye nyumba yake.

Nikapata familia moja hapa Mbeya iliyokuwa inahama, inauza jiko la chuma la kuchomeka kwenye fireplace. Kwa asiyelijua: ni sanduku la chuma kizito lenye mlango wa kioo kinachohimili moto. Unalisukuma ndani ya lile shimo la ukutani, moshi unapanda kwenye bomba lake, na wewe unabaki na joto. Chini ya mlango kuna kipini cha kuongeza au kupunguza hewa. Kuni tatu zinafanya kazi ambayo fireplace ya wazi ingekula kumi.

Mimi niliamini ukishalisukuma ndani kazi imekwisha. Hapo ndipo nikakutana na Fundi Mudi.

Fundi Mudi ni mtu wa makamo, ana karakana ya chuma Iringa mjini. Babu yake alitoka Kilwa kuja kuuza nguo, ukoo ukabaki. Alipofika Kilolo, mama alimpima kwa macho kuanzia kofia mpaka viatu.

"Mtu wa Kilwa ndiye anifundishe moto?"

"Mama, sisi kwetu moto ni wa kuchomea samaki tu. Huu mwingine nimefundishwa na baridi yenu."

Mama akacheka. Nilijua huyu amekubalika.

Siku ya kwanza hakuligusa jiko kabisa. Alipanda juu ya paa akaanza na dohani, yaani ule mnara wa matofali unaotoa moshi. Akatoa debe mbili za viota vya ndege na masizi. Halafu akashusha taa kwa kamba, akaniita nichungulie. Kulikuwa na ufa mrefu kama mkono, na karibu yake mbao ya dari imegusa matofali.

"Moto ungepitia hapa," akasema, "nyinyi chini mngekuwa mnasifia joto."

Akaikata ile mbao, akaacha nafasi ya kutosha. Kisha akateremsha bomba la chuma kisichoshika kutu kutoka juu hadi kwenye jiko, ndani ya lile dohani la baba. Alinieleza kwamba dohani pana hupoza moshi, na moshi ukipoa huganda ukutani kama lami, na hiyo lami siku moja hushika moto. Juu akaweka kofia yenye wavu ili ndege watafute kwingine.

Kitu kingine nilichokipenda. Mlango wa jiko una kamba maalumu pembeni ya kuziba hewa. Alifungia kipande cha gazeti mlangoni, akakivuta. Kikatoka bila shida. Akasema kamba imechoka, akaibadilisha yote. Alipojaribu tena, gazeti lilichanika. "Sasa umefunga," akasema.

Nyumba ya mama haina hata ufa dirishani, maana alikwishaziba kila kitu kwa sababu ya baridi. Moto nao unahitaji kuvuta hewa kutoka mahali. Kwa hiyo fundi akatoboa tundu la hewa ukutani, chini ya dirisha, akaweka wavu. Likumbukeni hilo tundu.

Adhuhuri mama alimtandikia mkeka mpya barazani ili aswali. Alipomaliza akampa kikombe. "Pombe ya ulanzi najua hunywi. Kunywa togwa, usije ukasema mjini kwamba Wahehe wamekunyima."

Siku ya kukabidhi nikanyoosha mkono nipokee kishikio cha kufungulia mlango wa jiko. Fundi Mudi akakirudisha nyuma.

"Mwalimu, wewe kesho kutwa unarudi Mbeya. Anayewasha ni nani?"

Akampa mama. Akakaa pembeni, mikono nyuma.

Mama akapanga kuni, akainuka, akarudi na chupa ya mafuta ya taa.

"Hayo ni ya taa, mama," fundi akasema taratibu. "Jina lake lenyewe linakwambia."

Wakuu, mimi ningetoa hotuba ya dakika kumi. Yeye sentensi mbili tu, na mama mpaka leo hutumia vijiti vikavu na karatasi.

Fundi alimfundisha pia kuchagua kuni. Kuni za miwati au mkaratusi, zikae kivulini karibu mwaka mzima. Gonga mbili: zikilia *ko ko* ni kavu, zikijibu kizito kama ugali bado ni mbichi. Mabanzi ya misonobari yako kila mahali kwetu na ni rahisi, lakini yakiwa mabichi na utomvu wake yanajaza bomba ile lami. Na mbao zenye rangi na plastiki hazipiti mlango ule.

Kuhusu ule mtindo wetu wa kuulaza moto, kufukia makaa kwenye majivu hadi asubuhi, alimwomba auache kabisa humu. Moto uwake kwa uchangamfu, halafu uachwe ufe wenyewe. Zulia likasogezwa, makochi yakarudi nyuma zaidi ya mita moja.

Kaka naye, ingawa alikuwa upande wa pili wa ubishi, alituma kidude cha betri kinacholia kikinusa ile hewa ya sumu. Tukakitundika ukutani. Nikarudi Iyunga moyo mweupe.

Wiki tatu baadaye, saa kumi jioni, simu ikaita. Ni yule jirani.

"Mwalimu, mama yako yuko hapa kwangu na kidude chake. Anasema kimeharibika."

Nikamwomba ampe simu.

"Kimelia kama ndama aliyeachwa," mama akasema. "Nikajua kinataka betri. Nimekileta kwa jirani anitazamie. Ajabu, tulipofika nje kikanyamaza. Nikarudi nacho ndani, kikalia tena. Nadhani hakipendi kukaa ndani."

Nikamwambia asirudi ndani, jirani afungue milango na madirisha kutokea nje, waache moto ufe. Halafu nikauliza swali nililokuwa naliogopa. "Mama, lile tundu la chini ya dirisha likoje?"

Akajibu bila kuzunguka.

"Nimeliziba kwa sweta la baba yako. Baridi inaingia pale."

Hapa ndipo nilipokosea. Nilimfokea. Mtu mzima, mama yangu, nilimfokea kwenye simu ya jirani. Nikamwambia kwamba kaka akisikia ndiyo safari ya Dar, na atakuwa amejitakia. Alimrudishia jirani simu.

Nikampigia Fundi Mudi nikitegemea tutalalamika pamoja. Akauliza tu, "Yuko salama?" Nikasema yuko salama, ila kichwa kinamuuma kidogo na jirani anampeleka zahanati. Akasema, "Basi kesho nakwenda."

Nami nikaomba ruhusa, nikaenda.

Nilimkuta Fundi Mudi sebuleni. Moto haujawashwa. Amekaa kwenye kiti cha mama, palepale mama anapokaa kila siku, amevua viatu na soksi. Sweta la baba limetolewa tunduni, limekunjwa vizuri mezani. Alikaa pale kama nusu saa. Mama alikuwa mlangoni anamtazama, mikono kifuani, akisubiri kusemwa.

Mwishowe fundi akavaa soksi.

"Mama amesema kweli. Baridi inapita hapa miguuni kama kisu. Hata mimi ningeziba."

Mama akaishusha mikono.

"Mtu akiziba tundu si mkaidi," fundi akaniambia, na nadhani alijua nilivyofoka. "Anasikia baridi. Mkosaji ni mimi niliyelitoboa mbele ya miguu yake."

Alichofanya baadaye ndicho kilichonifanya niandike uzi huu. Lile tundu alilijenga kwa saruji, akaliua mwenyewe. Kisha akazunguka nje, akatoboa ukuta wa nyuma wa dohani, akapitisha bomba dogo hadi pale chini ya jiko ambapo hewa inaingilia. Sasa moto unavuta hewa ya nje moja kwa moja, haipiti sebuleni, haimgusi mtu. Mdomo wa nje ameufunga wavu panya wasiingie.

Akafunga madirisha na milango yote, akamwambia mama awashe. Akapitisha kijiti kinachofuka moshi kuzunguka mlango wa jiko. Moshi wote ukanywewa ndani. Kidude ukutani kimya. Alikaa nacho mpaka jioni, akikitazama kama mtu anayelinda mgonjwa.

Mama akaliinua lile sweta mezani, akalivaa.

Nilimwomba radhi jikoni, tukiwa wawili. Akasema, "Unafundisha watoto wa watu hivyo?" Akanipa njegere nimenye.

Kaka tulimweleza yote, hatukumficha. Alitaka kuwasha gari siku ileile. Mama akamwambia kwa utulivu, "Kidude chako kililia, nikatoka. Fundi amekuja, amerekebisha. Sasa niambie kosa liko wapi." Akaomba amalizie kipupwe. Kaka akakubali, kwa shingo upande.

Kipupwe kikaisha. Kidude hakikulia tena, isipokuwa pale mama anapobonyeza kitufe cha kukijaribu, jambo analolifanya kila Jumapili baada ya misa. Mwezi wa tisa kaka alikuja na ile gari aliyotishia kumchukulia mama. Alikaa siku tatu akiota moto, akala njegere, akaondoka peke yake.

Nilichojifunza mimi mtu wa chaki: masharti ya usalama yasiyomjali anayeyaishi yatavunjwa, na anayeyavunja mara nyingi ana sababu yake. Kabla hujafoka, kakae pale anapokaa.

Picha msiniombe, mama hataki sebule yake ionekane na watu asiowapikia. Lakini wenye majiko haya Njombe, Makete, Tukuyu, Lushoto, mwageni uzoefu wenu. Mnasafisha bomba mara ngapi kwa msimu? Hewa mmeiingizia wapi? Aliye na swali aulize, hata kama analiona la kijinga, nitajibu ninachokijua na nisichokijua nitampigia fundi.

Na kwa yeyote atakayewasha moto wa aina yoyote ndani ya nyumba leo: mkianza kuumwa vichwa wote kwa pamoja, tokeni nje kwanza. Mtaulizana mkiwa nje.