Dole Gumba Kwenye Shavu la Mbwa

Nilikuwepo mwenyewe, sikusimuliwa, kwenye kibanda cha kuingiza filamu kwenye simu pale Katoro. Mwenye kibanda alitaka kufuta kichekesho kimoja cha zamani cha Waingereza, cha sanamu za udongo za mtu na mbwa wake, kilichokuwa kikicheza kwenye kompyuta, apate nafasi ya filamu mpya. Mchimbaji mmoja wa dhahabu akamdaka mkono.

"Fundi, usifute! Simamisha hapo. Unaiona alama ya dole gumba kwenye shavu la mbwa?"

"Hapo si walikosea tu, mzee?"

"Ni ya aliyemfinyanga huyo mbwa. Mimi shimoni nikikuta alama ya kiganja ukutani, moyo unatulia. Kuna mwenzangu alipita." Machozi yakamlenga.

Fundi akainamia kioo, akatazama sana, kisha akafuta filamu ya vita badala yake.

Machozi nimeyaongeza mimi. Nami niacheni niweke dole langu humu.