Tundu la Shati

Mjane wa shujaa wetu ni fundi cherehani, na huzungumza na wateja huku amebana pini midomoni, kwa hiyo hata bei ya kupunguza suruali husikika kama siri. Vidole vyake havijui kutulia. Kila mwaka kabla ya siku ya kumbukumbu, kamati humletea shati la jeshi alilouawa nalo mumewe, alifue na kulipiga pasi, likatundikwe ukumbini. Kila mwaka yeye huliziba tundu la risasi kifuani, kwa uzi wa rangi ileile, na kila mwaka kamati hulifumua, maana wageni hulipiga picha hilo tundu, si shati. Safari hii mwenyekiti alikuja na wembe, akafumua palepale mbele yake, nami nimesimama na suruali yangu mkononi.

“Shemeji, tuelewane. Bila tundu, hili ni shati tu.”

Alizitoa pini mdomoni moja moja. Nilidhani atamtukana.

“Shemeji,” akasema, “yule hajawahi kutoka kwangu na nguo iliyotoboka.”

Kisha akatunga uzi kwenye sindano, akanyoosha mkono apewe shati.